Wafinyanzi wa Mto Tana

Sisi tuliokunywa maji baridi ya mtungi huku Minjila na Garsen, aghalabu hatumkumbuki mwanamke wa Kipokomo aliyeteremka ukingoni mwa Mto Tana akachimba udongo, akautwika hadi nyumbani, akauanika, akauponda, akauchekecha na kuuloweka, kisha akaukanda kutwa, akitoa kwa ncha za vidole kila mzizi na changarawe. Kwani kokoto moja iliyosahauliwa yatosha kupasua chombo motoni. Mchanga huongezwa kwa kadiri, na kadiri hiyo haina mizani ila kiganja.

Sanaa hii ni ya kale mno: wataalamu wameviita kwa jina la Tana vyungu vya karne ya 8 vilivyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, vyenye pembetatu zilizochorwa udongo ungali mbichi. Majina ya wafinyanzi hayakuandikwa.

Zana za wafinyanzi wa Kipokomo, kwa hakika, ni haba: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la hindi, na kijiwe laini cha kung'arishia. Gurudumu hakuna, mfinyanzi mwenyewe huinama akakizunguka chungu, mgongo ukimuuma, hata ukingo ulingane, ndipo akiweke kivulini kikauke taratibu, asithubutu kukiharakisha kwa jua, kabla ya kukichoma kwa kuni uani.