Sista, Munganga na Mgonjwa
Neno juu ya sinema "The Nun's Story"

Sinema hii ilitokea mwaka 1959. Kwa Kifaransa inaitwa "Au risque de se perdre". Aliyeiongoza ni Fred Zinnemann, naye aliitoa katika kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956. Sehemu za Kongo zilipigwa mwaka 1958 kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Wakati ule Ituri yetu nayo ilitawaliwa toka mji huo. Inafaa mafrateri na wakatekista waitazame, lakini kwa akili, maana inafundisha juu ya majivuno na unyenyekevu, tena si yote inayoonyesha ni ya kufuata.

Habari ni hii. Binti wa munganga wa Ubelgiji anaingia utawa, anaitwa Sista Luke (Audrey Hepburn). Anatamani kutunza wagonjwa wa Kongo. Anapojifunza magonjwa ya nchi za joto, mama mkubwa mmoja anamshauri aanguke mtihani kwa kusudi, apate kuyashinda majivuno yake. Anateseka sana rohoni, lakini mwisho anajibu vizuri.

Tuulize: kama angalianguka, ungalikuwa unyenyekevu? Hapana. Kujibu uongo unapojua kweli ni uongo tu, hata ukivikwa nguo ya utawa. Mtumishi aliyezika talanta yake hakusifiwa na Bwana wake. Tena atakayelipa ni mgonjwa. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, sindano chache zilitumiwa kwa watu wengi pasipo kusafishwa sawasawa. Ebola ikaenea, watu 280 wakafa, na masista kati yao. Hatuwahukumu, walikufa wakitumikia. Lakini tunajifunza kwamba mapendo yanahitaji maarifa.

Kisha anakuja Munganga Fortunati (Peter Finch). Ni hodari wa kupasua, hasadiki, na ulimi wake ni mkali. Anamponya Sista kifua kikuu, anamwambia waziwazi kwamba yeye si sista kama wengine. Lakini yeye mwenyewe nani anamwambia kweli? Hakuna. Ustadi wa mikono yake unafunika kiburi chake. Hapa ndipo sinema inapopunguka. Sista alitaka kutunza Weusi, akawekwa hospitali ya Wazungu. Na Wakongomani tunawaona sana, tunawasikia kidogo. Kila mmoja anapigana na moyo wake mwenyewe, na mgonjwa haulizwi neno.

Sisi tunajua bei ya jambo hilo. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika kwetu Mandima na Mambasa, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wanganga walikuwa na chanjo njema, hata hivyo mwaka 2019 nyumba za matibabu za Katwa na Butembo zilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, vita na siasa pia. Lakini moja ilikuwa hii: jamaa hawakusikilizwa vya kutosha juu ya kuzika wafu wao. Mwenye kujua asiposikiliza, dawa yake inakataliwa pamoja naye.

Mwisho wa sinema unastahili sifa. Vita imeingia Ubelgiji, Wadachi wamemwua baba yake Sista, naye haoni nguvu ya kuwasamehe. Anakataa kuvaa nguo ambayo moyo wake hauitii tena. Anavaa nguo za kawaida, mlango unafunguka, anatoka peke yake, pasipo muziki wowote. Hatusemi kuacha utawa ni vema. Twasema kwamba siku ile alisimama mbele ya Mungu jinsi alivyo, bila kujiongeza wala kujipunguza. Katika mtihani walimtaka aonekane mdogo. Mlangoni alikuwa mkweli. Unyenyekevu wa munganga, wa padri na wa katekista ni huo wa pili.