Goti la nungunungu bila kisu

Wakulima wa mihogo wa Shinyanga na Geita wanamjua nungunungu kwa hasara anayowatia usiku. Usukumani wapo waliomjua zaidi ya hapo. Banunguli, chama cha ngoma na uwindaji wa mnyama huyu, kilikuwa na watu waliomfuata shimoni wakitambaa kwa tumbo, wakijua kuwa akibanwa hugeuka, husimamisha miiba na kurudi kinyumenyume kwa kishindo. Hiyo ni elimu ya mwendo. Viungo vinavyouwezesha mwendo huo vilionekana kwa kisu tu, na kisu huharibu: ukishapasua mfuko wa kiungo, mifupa huhama, na nafasi uliyotaka kuipima haipo tena.

Picha za kitabibu ziliondoa tatizo hilo hatua kwa hatua. Eksirei, tangu ugunduzi wa Röntgen mwaka 1895, ni kivuli: kila kilicho kwenye njia ya mionzi hulundikana katika picha moja. Kwa nungunungu, kero ni miiba. Ni keratini kama kucha zetu, haizuii mionzi kama mfupa, ila ikilaliana juu ya nyonga huchora mistari inayochanganya macho. Dawa yake ni mikono: mguu huvutwa mbali na kiwiliwili, hufungwa kwa utepe, kisha goti hupigwa picha mara mbili, mbele na ubavuni. Picha moja ya kiungo ni nusu ya ushahidi.

CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili silesi kwa silesi, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971 kwa ubunifu wa Godfrey Hounsfield, hutenganisha vilivyolundikana. Kila nukta ya mwili hupewa namba: hewa −1000, maji 0, mfupa mgumu 1000 na zaidi. Ukiiagiza kompyuta ionyeshe namba za juu peke yake, nyama hutoweka na mifupa hubaki imekaa kama ilivyokaa ndani ya mnyama.

Tazama taya. Kwa panya na jamaa zake, nungunungu akiwemo, kichwa cha taya hukaa kwenye mfereji unaoelekea mbele na nyuma. Taya likisogea mbele, meno ya mbele hukutana na magego huachana. Likirudi nyuma, magego hukutana. Kuung'ata mhogo na kuusaga ni kazi mbili, na mfereji huo ndio reli yake.

Ukubwa wa mnyama nao huamua mashine. Nungunungu wa kilo 15 ni sawa na mtoto mdogo, hivyo silesi za nusu milimita za CT ya hospitali zinamtosha. Goti la panya wa nyumbani lina upana wa milimita chache: silesi kadhaa tu, limekwisha. Huyo anahitaji CT ndogo ya maabara, inayopima kwa sehemu za elfu za milimita.

Palipo na hatari zaidi ni kwenye usomaji wa picha. Panya wa maabara wana vipande vya mfupa ndani ya gegedu za goti zenye umbo la mwezi mchanga. Aliyezoea magoti ya binadamu atasema mfupa umemeguka. Kinga ni kulinganisha na goti la pili: kipande kikiwa palepale pande zote mbili, ni maumbile. Na gegedu yenyewe haionekani kwenye CT ya kawaida. Kinachoonekana ni pengo jeusi. Ili kuipata, watafiti huingiza dawa ya ayodini kwenye kiungo au hutumia MRI, mashine ya picha za sumaku.

Mradi wa oVert wa Marekani, ulioanza mwaka 2017, ulipitisha kwenye CT zaidi ya vielelezo 13,000 vya makumbusho, vingine vikiwa vimelowekwa ayodini, na kuziweka picha wazi kwa watu wote. Mwanafunzi wa Kahama mwenye kompyuta na intaneti anaweza kugeuza fuvu la mnyama kwenye kioo bila kumgusa.

Hata hivyo nungunungu wetu anastahili kusomwa hapa kwake. Mashine za CT zimeanza kufika katika hospitali zetu za mikoa. Kwa kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, mzoga uliookotwa barabarani, ukafungwa vizuri kwenye plastiki na kusubiri saa ambayo wagonjwa wamekwisha, unatosha kuanzia. Mtaalamu wa mionzi ataunyoosha mguu, naye mzee aliyewahi kuingia shimoni atamwambia mguu huo hukunjwa vipi mnyama anapojihami. Hapo ndipo watajua walaze kiungo kwa pembe ipi.