Chaguo Lililofichwa: Tahakiki ya Ubofyaji wa Upau wa Kichwa cha Dirisha katika GNOME na KDE Plasma

Upau wa kichwa ni ukanda ulio juu ya dirisha la programu, wenye jina la dirisha hilo na kitufe cha kulifunga. Mtumiaji huubofya ili kulisogeza dirisha, kulikuza au kufungua menyu yake. Suala linalohakikiwa hapa si iwapo matokeo ya mibofyo hiyo yanaweza kubadilishwa, bali iwapo mtumiaji anaweza kujua kwamba yanabadilishika.

Katika GNOME 2, chaguo la kubofya mara mbili lilikuwa wazi katika mipangilio ya madirisha: mtumiaji aliamua dirisha likuzwe, lishushwe au likunjwe hadi ubaki upau wake tu. GNOME 3 ilipotolewa mwaka 2011, chaguo hilo halikuonekana tena katika mipangilio ya kawaida. Hata hivyo, uwezo wenyewe haukufutwa. Ulibaki katika hifadhi ya mipangilio chini ya funguo tatu: wa kubofya mara mbili, wa kitufe cha kati na wa kitufe cha kulia. Anayezihitaji husakinisha programu ya ziada ya GNOME Tweaks, au huandika amri yenye jina kama action-middle-click-titlebar.

KDE Plasma imefuata njia tofauti. Mipangilio yake ya mfumo huonyesha kitendo cha kila kitufe cha kipanya na cha gurudumu lake, na hutofautisha dirisha linalotumika na lisilotumika. Udhaifu wake ni kwamba wingi wa machaguo unaweza kumchanganya mgeni.

Udhaifu huo ndio msingi wa hoja ya Havoc Pennington, mwandishi wa Metacity, programu iliyosimamia madirisha ya GNOME 2. Kwa mtazamo wake, kila chaguo lina gharama. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kuficha. Chaguo lililofutwa halidai tena matunzo. Lililofichwa bado hudai kujaribiwa na kutunzwa, ilhali hunufaisha wachache wanaolijua jina lake.

Aidha, kiolesura huweza kutafsiriwa kwa Kiswahili, lakini jina la ufunguo hubaki la Kiingereza kwa kuwa ni sehemu ya msimbo. Hivyo, kuficha hugeuka kizuizi cha lugha. Anayeumia zaidi ni mtumiaji ambaye vidole vyake haviwezi kubofya mara mbili kwa haraka: mbofyo mmoja wa kitufe cha kati ungemtosha, lau angeonyeshwa pa kuubadilisha.

Kwa hiyo, usahili wa GNOME katika suala hili ni wa sura kuliko wa muundo. Machaguo matatu yakiwekwa katika mipangilio ya kipanya, kwa maneno yanayotafsirika, yatampa mtumiaji uwezo ambao kompyuta yake tayari inao, bila kumtwisha wingi wa machaguo ya KDE Plasma.