Jina Lile Lile, Mtu Mwingine: Uhakiki wa Majina ya Kambi za Jeshi la Marekani

Katika somo letu la semantiki muhula uliopita tulijadili uhusiano baina ya jina na kirejelewa chake, yaani kitu au mtu anayetajwa kwa jina hilo. Mwanafunzi mmoja alileta mfano usiokuwamo katika vitabu vyetu: kambi ya jeshi la Marekani iitwayo Fort Bragg. Akauliza, "Mwalimu, kambi ikitolewa jina la Bragg, kisha ikapewa jina la Bragg, je, imebadilishwa jina au haikubadilishwa?" Darasa lilicheka. Mimi nilikwenda na swali lile nyumbani, na makala haya ni jitihada ya kulijibu.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Wakati wa vita viwili vikuu vya dunia, jeshi la Marekani lilijenga kambi nyingi katika majimbo ya Kusini. Kambi tisa zilipewa majina ya makamanda wa Shirikisho la Kusini, wale waliopigana dhidi ya serikali ya nchi yao kuanzia 1861 hadi 1865 ili utumwa udumu. Bragg, ambaye kambi yake huko North Carolina ilifunguliwa mwaka 1918, hakuwa hata jenerali hodari. Alishindwa vibaya Chattanooga mwaka 1863. Askari Weusi waliofanyia mazoezi katika kambi hizo walikuwa wakiapa kuilinda nchi chini ya majina ya watu waliopigana ili babu zao wabaki watumwa. Januari 1, 2021, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyaondoa majina hayo, likiipuuza kura ya turufu ya Rais Trump. Tume ya watu wanane iliundwa, ikapokea mapendekezo zaidi ya 34,000 kutoka kwa wananchi, na kufikia mwisho wa 2023 kambi zote tisa zilikuwa na majina mapya.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza, na sina budi kuanza na kosa la wale ninaowaunga mkono. Kambi nane zilipewa majina ya watu. Ya tisa, Fort Bragg, ikaitwa Fort Liberty, yaani Ngome ya Uhuru. Uhuru ni neno zuri, lakini jina la mahali halikai vinywani mwa watu kwa sababu ya uzuri wa maana yake. Linakaa kwa sababu lina kisa. Askari wa miavuli wa kambi ile walikuwa na visa vya miaka mingi vilivyofungwa katika neno Bragg, na wengi wao hawakuwa wakimkumbuka jenerali yule hata kidogo. Tume iliwapa neno linaloweza kubandikwa kwenye benki, shule au kiwanda cha sabuni. Jina lisilo na mwenyewe halina wa kulitetea.

Februari 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth aliirudisha kambi kwenye jina la Bragg. Lakini sheria ya 2021 ilikuwa bado ipo. Basi akatafutwa Bragg mwingine, Roland L. Bragg, askari wa kawaida wa Vita Vikuu vya Pili, aliyepata nishani kwa ushujaa wake Ubelgiji. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Benning, na Juni mwaka huo Rais Trump alitangaza kwamba kambi saba zilizobaki zitafuata njia hiyo hiyo.

Katika Kiswahili tuna neno somo, au wajina, kwa watu wawili wenye jina moja. Mtoto anapopewa jina la babu yake, mtu ndiye hutangulia: tunampenda babu, tunataka asisahaulike, kwa hiyo jina lake linapita kwa mjukuu. Katika Fort Bragg ya 2025 mpangilio umegeuzwa. Jina lilitangulia, kisha akasakwa mtu wa kulivaa. Roland Bragg alistahili heshima, sina shaka. Hata hivyo, angeitwa Smith, asingetafutwa na mtu yeyote. Nilipolisema hili darasani, yule mwanafunzi akadakia: "Basi, Mwalimu, nikimwita mbwa wangu jina la jirani, halafu nikasema namkusudia mwingine?" Nilimjibu kwamba nahau ya kisheria ingemlinda, lakini jirani angeelewa. Hiyo ndiyo tofauti ya semantiki na pragmatiki, na sijawahi kupata mfano bora zaidi wa kuifundishia.

Mfano mzito kuliko wote ni Fort Lee, Virginia. Tume iliiita Fort Gregg-Adams, kwa heshima ya Luteni Jenerali Arthur Gregg, aliyekuwa hai siku ya kubadilishwa jina hilo Aprili 2023, na Luteni Kanali Charity Adams, mwanamke Mweusi aliyeongoza kikosi cha posta cha wanawake Weusi huko Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili. Majina hayo mawili yaliondolewa, akawekwa Fitz Lee, askari Mweusi aliyepata nishani ya juu kabisa kwa kuwaokoa wenzake Cuba mwaka 1898. Weusi wawili wameondolewa, Mweusi mmoja amewekwa, na anayesikika masikioni ni Robert E. Lee. Fitz Lee amegeuzwa kuwa pazia.

Kuhusu Fort A.P. Hill, hata jina la ukoo halikutosha. Walitafutwa askari watatu, Anderson, Pinn na Hill, ili herufi za mwanzo zitimie! Katika ushairi tungekiita kitendo hicho kulazimisha vina.

Fort Gordon ya Georgia inatugusa kwa karibu zaidi. Gordon wa sasa ni Gary Gordon, mwanajeshi aliyeuawa Mogadishu Oktoba 3, 1993, mji ambao askari wa Uganda wamekuwamo tangu 2007. Msomaji wa hapa Uganda ana Gordon wa tatu, yule Charles Gordon aliyekuwa gavana wa Equatoria kwa niaba ya Misri kuanzia 1874. Jina lenyewe halisemi ni yupi kati yao. Linasema tu lile ambalo wenye kulitumia wamezoea kulisikia.

Kwetu mambo haya si mageni. Idi Amin aliliita Ziwa Edward kwa jina lake mwenyewe mwaka 1973, na maporomoko ya Murchison yakaitwa Kabalega. Alipoanguka, majina ya Waingereza yalirudi. Naliona hilo la Kabalega kuwa hasara, lakini walau hakuna aliyetuambia kwamba amempata Murchison mwingine, mkulima mwema wa Bunyoro.

Mwezi ule ule wa Februari 2025, Mahakama Kuu yetu iliamuru majina ya wakoloni yaondolewe katika barabara za Kampala. Barabara ya Colville imebeba jina la kamanda aliyeongoza vita dhidi ya Kabalega mwaka 1893. Wapo wanaotaka jina hilo libaki, kwa sababu ya mazoea, au gharama ya vibao, au kwa kuamini kwamba historia chungu nayo ni historia. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao, lakini wanamtaja Colville yule yule ninayemtaja mimi, na kwa hiyo tunaweza kubishana.