Nyani, Manemane na Mpingo: Uhakiki wa Ushahidi wa Mahali pa Nchi ya Punt

Utafutaji wa mahali ilipokuwa nchi ya Punt umeegemea zaidi bidhaa ambazo Wamisri walizitoa huko kuliko maelezo yao kuihusu. Michoro ya hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari, ya karne ya 15 KK, inaonyesha nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, miti ya manemane, twiga na kifaru. Wanyama hao wawili wanadhoofisha dai kwamba Punt ilikuwa Uarabuni pekee. Mabaki ya bandari ya Mersa Gawasis, zikiwamo kamba za merikebu na masanduku yenye jina la Punt, yamethibitisha njia ya baharini. Hata hivyo, bandari hiyo inaonyesha safari ilikoanzia, si ilikoishia.

Hoja yenye mvuto mkubwa kwa sasa ni ya nyani. Mwaka 2020 uchunguzi wa isotopu za strontiamu katika maiti za nyani zilizokaushwa ulielekeza kwenye eneo pana mno: Eritrea, Ethiopia, Jibuti na sehemu za Somalia na Yemeni. Mwaka 2023 vinasaba vya nyani mwingine vilielekeza upande wa Eritrea, na watafiti wakaihusisha Punt na bandari ya Adulis. Hapa ndipo hoja inapolegea. Nyani huyo aliishi karne nyingi baada ya Hatshepsut. Tena kilichobainishwa ni asili ya mnyama, si soko alikouzwa. Kuliziba pengo hilo kwa jina la Punt ni kukichukulia kinachotafutwa kuwa kimekwisha kupatikana.

Mpingo nao, ambao ndio mti mweusi uliothaminiwa na Wamisri, huota kuanzia Eritrea hadi Msumbiji. Msomaji wa pwani ya Waswahili anaweza kushawishika kuivuta Punt hadi Rufiji. Lakini mti huohuo huota Senegali pia, na hakuna anayeipeleka Punt huko.

Udhaifu wa msingi ni dhana kwamba Punt ilikuwa nchi yenye mipaka thabiti. Inaelekea zaidi kuwa jina hilo lilitumika kwa magulio ya pwani yaliyokusanya dhahabu, pembe na manemane kutoka bara, na huenda magulio hayo yalihama kadiri karne zilivyopita. Suala hili si la wanaakiolojia tu: tangu mwaka 1998 jimbo la kaskazini-mashariki mwa Somalia linaitwa Puntland, na jina hilo limeutangulia ushahidi.