Waitikiaji

Kuna muziki unaopendeza mwimbaji akiwa peke yake, na kuna muziki usiokamilika mpaka uitikiwe. Injili ya Wamarekani weusi, pamoja na soul iliyozaliwa humo, ni ya aina hiyo ya pili, ndiyo maana rekodi zake bora zilifanyika mbele ya watu. Aretha Franklin alilijua hilo tangu utoto: alikuwa na miaka 14 tu aliporekodiwa akiimba katika kanisa la baba yake kule Detroit mwaka 1956. Januari 1972, akiwa tayari malkia wa soul na studio yoyote angeipata, alirudi kanisani. Tarehe 13 na 14 aliimba katika New Temple Missionary Baptist Church, Los Angeles, James Cleveland akiwa kwenye piano na Southern California Community Choir ikiwa nyuma yake. Albamu iliyotoka humo, Amazing Grace, iliuza nakala zaidi ya milioni mbili.

Nimelelewa na kwaya za Arua, Uganda, kwa hiyo nikiiweka rekodi hiyo masikio yangu huenda moja kwa moja mabenchini. Wimbo wenyewe wa Amazing Grace unakaribia dakika 11, na maneno yake ni machache. Muda wote huo unakwenda wapi? Unakwenda katika majibizano. Aretha anashika neno moja, analivuta, analizungusha, kisha anawaachia nafasi, na watu wanaijaza kwa sauti, kwa makofi, kwa kuliita jina lake. Pumzi inayofuata imepimwa na jibu lile. Wakiitikia kwa nguvu anapanda. Wakiitikia kwa upole anabaki chini, anaendelea kuwavuta taratibu. Cleveland mwenyewe alizidiwa, na filamu ya tamasha hilo inamwonyesha akilia, leso usoni. (Filamu hiyo ilikaa kabatini mpaka 2018, kwa sababu Sydney Pollack, aliyeiongoza, alipiga picha bila vile vibao vya kuanzia, na sauti haikuweza kuoanishwa na picha.)

Sifa za mwimbaji zimeshaandikwa sana. Mimi nawasifu pia waliorekodi. Jerry Wexler na Arif Mardin wangeweza kuwaminya waumini wawe kelele za nyuma, ili sauti ya nyota iwe safi. Hawakufanya hivyo. Waliwaweka ndani ya muziki, wakajua wakati gani sauti kutoka mabenchini ina uzito sawa na noti ya piano. Huo ni uamuzi wa fundi, na haukuwa wa kawaida. Sam Cooke, aliyetoka kwenye kundi la injili la Soul Stirrers, alirekodiwa Harlem Square Club, Miami, tarehe 12 Januari 1963, ukumbi ukimwitikia kama kanisa. Kampuni yake ikaona rekodi ile ni kali mno, ikaifungia mpaka 1985. James Brown alipotaka kurekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo mnamo Oktoba 1962, mwenye kampuni alikataa, naye akalipa kwa fedha zake mwenyewe. Wafanyabiashara hawakuamini kwamba mtu atanunua kelele za watu wengine. Walikosea vibaya.

Huku kwetu jambo hilo lilipitia njia nyingine. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliofika Arua mwaka 1918 walileta tenzi zenye tuni za Ulaya, na Wakatoliki nao wakaja na za kwao. Sasa, Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni: sauti ikipanda pasipotakiwa, neno linageuka kuwa jingine au linapoteza maana. Waumini wakaimba miaka na miaka tuni zinazovutana na maneno yao wenyewe. Ukiimba hivyo unaweza kufuata kitabu, lakini ni vigumu kuitikia kwa moyo, kwa sababu kuitikia ni kusema.

Adungu ilipoingia kanisani, hali ikabadilika. Ni ala ya nyuzi ya Waalur hasa, yenye shingo iliyopinda na sanduku la mbao lililowambwa ngozi, na siku hizi nyuzi zake ni za nailoni. Waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, uliotolewa Desemba 1963, uliupa nafasi muziki wa kienyeji katika ibada. Leo adungu utaikuta kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana vilevile. Zile ndogo hubeba tuni, za kati hujazia, na ile kubwa ya besi ndiyo inayolisukuma kanisa zima. Mtunzi mzuri wa adungu huanza na jinsi maneno yanavyotamkwa, kisha anazitafutia nyuzi njia ya kuyafuata. Hapo mwongozaji akiita, mama wa benchi la nyuma anajibu bila kitabu.

Ninayo kanda ya ibada iliyorekodiwa Koboko kwa redio kaseti. West Nile, eneo letu lenye Arua na Koboko, haikuunganishwa na gridi ya taifa mpaka 2024, kwa hiyo redio nyingi zilikula betri, na betri zimeacha alama kwenye kanda. Zilipokuwa zikichoka katikati ya ibada, utepe ulikwenda polepole. Ukiupiga leo kwenye mashine nzima, sauti zinapanda na kuwa nyembamba, besi ya adungu inapanda nazo, kanisa lote linahama ufunguo. Halafu redio zile zilikuwa na kifaa ndani kinachorekebisha nguvu ya sauti chenyewe. Mwongozaji anaponyamaza, mashine inatega sikio: unasikia bati likialika kwa jua, mtoto nje, mtu akisogeza benchi. Kisha waumini wanaingia wote kwa pamoja na mashine inashtuka, inawakandamiza, sauti ya kwanza ya kiitikio inapasuka. Fundi wa studio ataita hiyo kasoro. Kwangu ndicho kipimo cha watu wale walivyoingia kwa nguvu.

Na wanaitikia kwa lugha zaidi ya moja. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na walipoanza kurudi katika miaka ya 1980 walirudi na nyimbo za huko. Koboko ina mipaka miwili karibu yake, na Wakakwa wenyewe wako pande zote tatu. Kwenye kanda ile mwongozaji anaita kwa Kikakwa, anajibiwa kwa Kibangala, na ubeti unaofuata uko katika Kiarabu cha Juba. Hakuna anayesita.

Kwaya nyingi sasa hurekodi studio. Kila mmoja anaimba peke yake na hedifoni masikioni, ngoma zinatoka kwenye kinanda cha umeme, sauti zinanyooshwa kwa kompyuta. Ninaelewa kwa nini: video inauzika, na hakuna kikohozi. Lakini mwimbaji huyo hana wa kumjibu, na unasikia anavyoharakisha kufunga sentensi zake, maana hakuna anayemngojea.

Tunao uwezo wa kufanya vizuri zaidi kwa vifaa tulivyo navyo. Maikrofoni moja iwe karibu na adungu ya besi. Nyingine isiwe mbele ya kwaya. Iwekwe katikati ya mabenchi, ikiwa imeyapa mgongo maspika, mahali wanapokaa wanaopiga vigelegele. Usizime wakati wa matangazo, kwa sababu wimbo mara nyingi huanzia hapo, mtu mmoja akianza kabla kwaya haijajipanga. Andika parokia, tarehe, jina la mtunzi na lugha zilizoimbwa. Usikate kwanza. Mwaka 1999 rekodi kamili za siku zile mbili za Los Angeles zilitolewa, na zilipatikana kwa sababu kanda nzima zilikuwa zimetunzwa kwa miaka 27. Kanda za Mvara na Ediofe kule Arua, na za Koboko, zilizomo majumbani mwa makatekista na wanakwaya wazee zinahitaji mashine moja nzima ya kaseti, kompyuta, na mtu anayejua ufunguo ambao adungu zile zilikuwa zimefungiwa, ili aweze kuzirudisha kwenye mwendo wake.