Hôtel Terminus: sinema juu ya Klaus Barbie

Sinema hii ya Marcel Ophuls ilitoka mwaka 1988. Inadumu saa nne na zaidi, na wafrateri wengine watasinzia, sharti wavumilie. Jina lake ni la hoteli moja ya Lyon, ambamo Gestapo walifanya kazi yao.

Barbie, mtoto wa mwalimu, alizaliwa mwaka 1913 katika nyumba ya wakatoliki. Mwaka 1942 alitumwa Lyon. Tarehe 6 Aprili 1944 watu wake walikamata watoto 44 wa Kiyahudi katika nyumba ya Izieu, pamoja na wakubwa 7. Jioni ile ile telegramu yenye jina lake ilipasha habari Paris. Katika watoto wale hakurudi hata mmoja.

Lakini Ophuls anatafuta zaidi wale waliomsaidia mwuaji huyu. Anawauliza majirani, wazee wa Lyon, hata wapelelezi wa Marekani waliomwajiri tangu 1947. Mwaka 1951 hao walimtorosha mpaka Bolivia, na padri mmoja Mkroatia, Krunoslav Draganović, aliwafanyia njia huko Genova. Hapa msomaji wa seminari asigeuze uso. Padri yule alishughulikia vyeti na meli. Na hivyo Barbie alikaa salama zaidi ya miaka thelathini.

Tunalaumu jambo moja: Ophuls anawacheka mashahidi kupita kiasi, hata uchungu wa mambo unafifia. Siyo hivyo mwishoni, anaposimama na Simone Lagrange, aliyekamatwa angali msichana, kwenye ngazi za nyumba ya zamani. Bibi mmoja jirani, Bontout, alijaribu kumvuta ndani kwake amfiche. Sinema nzima imetolewa kwa heshima ya bibi huyo.

Katika hukumu ya 1987, avoka Vergès alikuwa pamoja na Jean-Martin Mbemba wa Brazzaville, aliyewakumbusha Wafaransa wafu wa njia ya treni ya Congo-Océan. Wafu wale ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, na maneno yale yalikuwa ya kweli. Lakini watoto wa Izieu hawakumtumikisha mtu katika Mayombe. Majuji walimfunga Barbie maisha; alikufa kifungoni mwaka 1991.

Atakayeionyesha seminarini aigawe kwa siku mbili, na habari ya Draganović asiikate.